Kusoma Mashine: Maonyesho ya Zana za Ujenzi mjini München

Kila baada ya miaka mitatu, mji wa München ulioko kusini mwa Ujerumani hugeuka kwa muda wa juma moja kuwa soko kubwa kuliko yote duniani la mitambo ya ujenzi. Maonyesho hayo huitwa bauma, jina lililofupishwa kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya mashine za ujenzi. Yalianza mwaka 1954, wakati Ujerumani Magharibi ilipokuwa ingali ikijenga upya miji iliyobomolewa na vita, na tangu 1998 yamekuwa yakifanyika katika kitongoji cha Riem, mahali palipokuwa na uwanja wa ndege wa mji huo hadi mwaka 1992. Maonyesho ya mwaka 2025, yaliyoanza tarehe 7 na kumalizika tarehe 13 Aprili, yalitandazwa katika eneo la meta za mraba 614,000, yaani zaidi ya viwanja themanini vya mpira wa miguu. Makampuni 3,601 kutoka nchi 57 yalileta bidhaa zao, na watu wapatao 600,000 walikwenda kuzitazama.

Msomaji aliyezoea maonyesho ya Sabasaba ya Dar es Salaam, ambako mtu huingia na watoto na kutoka na ndoo, kitenge na soda, itambidi asahau sura hiyo kabla hajaendelea. Theluthi mbili hivi za eneo la Riem ziko wazi chini ya anga, na humo kreni husimama nyingi kama minazi ya shamba la pwani, kila moja na bendera ya kampuni yake. Chini yake yamepangwa matingatinga, magreda, mitambo ya kuponda mawe, mitambo ya kutoboa mahandaki na malori ya migodini ambayo tairi lake moja hupita urefu wa mtu mzima. Vyote vimeoshwa vikang'aa. Hakuna tope, hakuna vumbi, hakuna mafuta yanayovuja. Mashine ya ujenzi ikiwa katika hali hiyo inafanana na bwana harusi: huwezi kujua tabia yake ya siku za kazi.

Na tabia hiyo ndiyo inayonunuliwa. Miongoni mwa wageni wa maonyesho kama haya wamo makandarasi, maofisa wa serikali na wahandisi wa mashirika ya umma, na baadhi yao hutia saini mikataba ya mamilioni. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mashine hizi karibu zote hutoka nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni, mara nyingi kwa mkopo utakaolipwa kwa miaka kadhaa. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajapata kuona, nyuma ya karakana fulani, greda lililoota nyasi magurudumuni likingojea kipuri ambacho hakitafika? Basi swali la jinsi ya kuitazama mashine kabla ya kuinunua si swali dogo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Takwimu inayoandikwa kwenye bango la mashine kwa kawaida si uongo. Lakini kila takwimu ina sharti lake, na sharti haliandikwi kwa herufi kubwa.

Tani ngapi, na kwa umbali gani?

Tuanze na kreni, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayoua watu wengi kwa mara moja ikitumiwa vibaya.

Mwaka 1949 Hans Liebherr, mjenzi wa mji mdogo wa Kirchdorf kusini mwa Ujerumani, alitengeneza kreni ya mnara iliyoweza kusafirishwa na kusimamishwa kwa urahisi mahali pa kazi, akaipeleka katika maonyesho ya Frankfurt majira ya vuli ya mwaka huohuo. Kampuni iliyokua kutokana na kreni hiyo leo ni miongoni mwa zile zenye viwanja vikubwa kabisa kule Riem. Moja ya mitambo yake mashuhuri ni kreni ya magurudumu iitwayo LTM 11200-9.1, yenye ekseli tisa na mkono unaorefuka hadi meta 100. Uwezo wake unatajwa kuwa tani 1,200. Mgeni husimama mbele ya takwimu hiyo akashangaa, naye ana haki ya kushangaa. Lakini sharti lake ni hili: tani 1,200 ni kwa umbali wa meta 2.5 kutoka kwenye mhimili ambao kreni inauzungukia. Lori lenyewe lina upana wa takriban meta 3. Kwa hiyo mzigo huo ungekuwa hatua moja tu kutoka ubavuni mwa gari.

Mwanafunzi aliyesoma momenti ya kani ataelewa mara moja. Kinachotaka kuipindua kreni si uzito wa mzigo peke yake, bali ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo. Ni jambo lilelile analolijua kila mtoto aliyebeba ndoo ya maji: ndoo iliyo ubavuni hubebeka, lakini ukijaribu kuishika kwa mkono ulionyooshwa, bega halikubali.

Tuchukue mfano wa kreni ya mnara yenye mkono wa meta 60, ambayo kwa umbali wa meta 15 inaweza kuinua tani 8. Momenti ya mzigo ni 8 mara 15, yaani tani-meta 120. Mwanafunzi mwenye haraka atasema kwamba mwishoni mwa mkono, meta 60, kreni itainua tani 120 ÷ 60 = 2. Amekaribia, lakini hajafika. Kigari kinachotembea chini ya mkono, pamoja na ndoano na kamba zake, navyo vina uzito, navyo vinasafiri na mzigo. Tuseme vina nusu tani. Basi kwa meta 15 jumla ni tani 8.5 na momenti ni 127.5, kwa meta 60 jumla inayoruhusiwa ni tani 2.125, ukiondoa nusu tani ya kigari, mzigo uliobaki ni kilo 1,625 tu.

Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, bila kuhesabu ndoo yake. Msimamizi aliyeambiwa kwamba amenunuliwa "kreni ya tani nane", akaagiza ndoo moja ya zege ipelekwe pembeni kabisa mwa jengo, ameagiza mzigo unaozidi uwezo wa kreni kwa karibu nusu ya uwezo huo. Kreni za kisasa zina kifaa kinachopima momenti na kuzuia mwendo kabla hatari haijafika. Kifaa hicho huudhi watu wenye haraka, na katika maeneo ya kazi yasiyo na usimamizi mzuri huzimwa. Hapo ndipo hesabu ya kidato cha tatu inapogeuka kuwa suala la roho za watu walio chini.

Kila kreni huuzwa pamoja na jedwali la mizigo: safu moja ya umbali, nyingine ya uzito. Katika mabanda mengi ya Riem jedwali hilo lilikuwemo, lakini ndani ya kijitabu, kurasa kadhaa baada ya picha za rangi. Watengenezaji wengi huyatoa majedwali haya bure kwa yeyote anayeyataka. Walimu wa fizikia wangeweza kuyatumia darasani. Ni mazoezi bora kuliko ile mizani ya kufikirika yenye kilo mbili upande huu na kilo tatu upande ule ambayo imechosha vizazi vya wanafunzi.

Kani itokayo katika mafuta

Mashine ya pili ni ekskaveta, au kijiko, kama wanavyoiita waendeshaji wetu. Mashine ya kwanza ya jamii hii ilikuwa ya mvuke, iliyobuniwa na Mmarekani William Otis na kupewa hataza mwaka 1839. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo vijiko viliendelea kuvutwa kwa kamba za chuma na magurudumu ya kuzungushia. Katika miaka ya 1950 kamba zilianza kuachia nafasi silinda za mafuta. Mwaka 1954, mwaka uleule maonyesho ya München yalipoanza, kampuni ya Demag ya Ujerumani ilitoa ekskaveta yake B 504, iliyoendeshwa yote kwa haidroliki.

Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi. Blaise Pascal wa Ufaransa aliieleza katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Joseph Bramah wa Uingereza aliitumia mwaka 1795 kutengeneza shinikizo la maji, mashine iliyomwezesha mtu mmoja kukandamiza kwa kani ya watu wengi. Silinda ya ekskaveta ni mjukuu wa shinikizo hilo.

Katika ekskaveta ya kisasa ya tani 20 pampu hupandisha kanieneo ya mafuta hadi kufikia mara 350 hivi ya ile ya angahewa, yaani nyutoni 3,500 kwa kila sentimeta ya mraba. Pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 12 ina eneo la sentimeta za mraba 113. Zidisha, utapata nyutoni 395,500, kani inayotosha kuinua tungamo la tani 40. Kani hiyo inatoka katika bomba ambalo mtu anaweza kulizungushia vidole vyake. Nakiri kwamba mimi, niliyefundisha kanuni hii miaka mingi, bado husimama nikaitazama silinda ikisukuma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye bango. Bango la ekskaveta ya namna hii litasema mambo matatu: kanieneo ya juu kabisa, kiasi cha mafuta kinachosukumwa na pampu mbili, tuseme lita 200 kwa dakika kila moja, na nguvu ya injini, tuseme kilowati 118. Mwanafunzi na achukue kalamu. Nguvu inayotolewa na pampu ni kanieneo ikizidishwa kwa ujazo wa mafuta yanayopita kila sekunde. Kwa pampu moja, paskali 35,000,000 mara meta za ujazo 0.00333 ni wati 117,000 takriban, yaani kilowati 117. Pampu mbili zingehitaji kilowati 233. Injini ina 118.

Je, muuzaji amedanganya? La. Kila takwimu ni ya kweli ikisimama peke yake. Zote tatu haziwezi kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Kijiko kikiwa kitupu na mkono ukienda hewani, mafuta hupita mengi kwa kanieneo ndogo, na mashine huwa nyepesi. Meno yakigonga mwamba, kanieneo hupanda, na pampu zenyewe hupunguza kiasi cha mafuta ili injini isizimike. Kani inakuwa kubwa na mwendo unakuwa wa polepole. Mnunuzi anayelinganisha mashine mbili kwa kutazama kanieneo ya hii na lita za ile analinganisha vitu visivyokutana. Aulize nguvu ya injini, na aulize ni lita ngapi za dizeli kwa meta moja ya ujazo ya udongo uliochimbwa.

Lipo jambo jingine ambalo bango halina nafasi ya kulisema. Ili mafuta yenye kanieneo kubwa namna hii yasivuje ndani kwa ndani, sehemu za pampu zinazosuguana huachiwa mwanya wa maikroni chache tu, pengine tano, pengine ishirini. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo chembe ya vumbi ambayo jicho haliioni inatosha kuingia katika mwanya huo na kukwangua chuma. Chuma kilichokwanguliwa hugeuka kuwa chembe nyingine, nazo hukwangua tena. Pampu ya mamilioni ya shilingi inaweza kufa kwa sababu fundi alimimina mafuta kwa ndoo iliyokaa wazi kando ya barabara ya vumbi jekundu. Hakuna muujiza wa kiufundi utakaoondoa jambo hili. Kinachotakiwa ni chujio linalobadilishwa kwa saa zake, pipa lenye kifuniko, na mtu aliyefundishwa kwa nini kifuniko kipo. Katika mabanda ya Riem yale ya watengenezaji wa machujio yalikuwa madogo na yenye wageni wachache. Ningekuwa na uwezo, ningeupeleka huko kwanza kila ujumbe utokao kwetu, kabla haujapigwa picha ndani ya kijiko cha lori la mgodini.

Hewa na dizeli

Niliuliza katika banda moja, ambalo halina haja ya kutajwa, kama ekskaveta iliyokuwa mbele yetu ingeweza kufanya kazi Mbeya. Kijana wa mauzo alijibu bila kusita kwamba ingefanya kazi popote. Nilipomweleza kuhusu mafuta yetu, alikwenda kumwita mwenzake aliyemzidi umri, naye akatabasamu, akasema: "Hii unayoiona siyo utakayouziwa."

Maneno hayo yana maana pana, na inafaa tuyachambue. Kuanzia mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kiwango kiitwacho Hatua ya Tano kwa injini mpya za mashine zisizo za barabarani. Ili kukitimiza, injini nyingi za dizeli za mitambo mikubwa hufungwa chujio la masizi katika bomba la moshi, pamoja na kifaa kinachopuliza mmumunyo wa urea ili kuvunja oksidi za nitrojeni. Vifaa hivi havipatani na salfa. Salfa hudhoofisha vichocheo na kuziba machujio, na kwa sababu hiyo dizeli ya Ulaya hairuhusiwi kuwa na salfa zaidi ya sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipiga hatua kubwa mwaka 2015 zilipoweka kiwango cha sehemu 50 kwa milioni, kutoka viwango vya mamia na hata vya maelfu vya hapo kabla. Hata hivyo 50 si 10. Ndiyo maana watengenezaji huwa na mashine yenye jina lilelile na rangi ileile lakini yenye injini ya kizazi cha nyuma, kwa ajili ya masoko kama yetu.

Watu wengine hulipokea jambo hili kwa furaha: injini rahisi, fundi wa kawaida anaiweza, hakuna kompyuta ya kugoma. Wana hoja. Lakini mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutia moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chujio linaloondolewa ili mashine iweze kuishi na mafuta yetu lilikuwa limewekwa kwa ajili ya mapafu ya mtu anayekaa nyuma ya mashine hiyo akishika koleo. Anayenunua injini ya kizazi cha nyuma ajue kwamba tofauti ya bei inalipwa na mtu fulani, na mtu huyo hakuwepo München.

Kuhusu hewa, maelezo ni mafupi. Mbeya iko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko kila lita ya hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Yenye turbo huvumilia zaidi. Swali hili hujibiwa kwa jedwali, nalo lipo, lazima liombwe.

Mashine za umeme zilikuwa nyingi mwaka 2025, na watazamaji walizizunguka wakishangaa ukimya wake. Tuzipime kwa hesabu ya haraka. Ekskaveta ikitumia, kwa mfano, lita 15 za dizeli kwa saa, na kila lita ikiwa na nishati ya kilowati-saa 10 hivi, injini inapokea kilowati-saa 150 na kutoa kama 60 za kazi. Zilizobaki ni joto. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, kwa hiyo kwa saa nane tunahitaji kilowati-saa 500 hivi. Kwa betri zinazohifadhi kilowati-saa 0.16 kwa kila kilo, hiyo ni zaidi ya tani tatu za betri. Kwa gari dogo huo ungekuwa mzigo wa ajabu. Kwa ekskaveta si tatizo, kwani nyuma yake tayari kuna tani kadhaa za chuma kilichowekwa makusudi ili isipinduke. Betri inaweza kuchukua nafasi ya chuma hicho. Tatizo liko ukutani: kuijaza usiku mmoja wa saa kumi kunahitaji kilowati 50 mfululizo, takriban uwezo wote wa transfoma moja ndogo kati ya zile zinazofungwa vijijini. Kijiji kizima kingelala gizani ili kijiko kishibe. Palipo na machimbo yenye njia yake ya umeme hesabu ni nyingine kabisa, na pengine huko ndiko mashine hizi zitakakoanzia kwetu.

Wauzaji wa kutoka Mashariki

Mtu aliyezuru maonyesho haya miaka thelathini iliyopita angekuta majina ya Kijerumani, Kimarekani, Kijapani na Kiswidi yametawala. Leo makampuni ya China, kama vile Sany, XCMG na Zoomlion, yana viwanja vikubwa. Mwaka 2002 maonyesho ya namna hii yalianza pia mjini Shanghai, na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2012 Sany iliinunua Putzmeister, kampuni ya Kijerumani ya pampu za zege ambayo mitambo yake ilitumika Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki habari hii ina faida, kwani wauzaji wakiwa wengi bei hushuka. Ina hatari pia: karakana yenye mashine za aina saba kutoka nchi nne inahitaji ghala saba za vipuri.

Kijiko kikubwa, matipa machache

Nimeacha kwa makusudi kosa ambalo kwa maoni yangu hugharimu zaidi kuliko mengine, kwa sababu halionekani katika mashine yoyote moja. Maonyesho huonyesha mashine moja moja. Kazi hufanywa na mlolongo.

Chukua ekskaveta yenye kijiko cha meta moja ya ujazo, inayopakia tipa la meta 10 za ujazo. Kila mchoto ni sekunde 20, kwa hiyo tipa hujaa kwa sekunde 200. Tipa huenda kumwaga na kurudi kwa dakika 20, yaani sekunde 1,200. Mzunguko mzima wa tipa ni sekunde 1,400. Ili ekskaveta isikae bure kunahitajika matipa 1,400 ÷ 200, yaani saba. Mkandarasi wetu ana matatu. Katika kila sekunde 1,400 ekskaveta yake inafanya kazi sekunde 600, na muda uliobaki, zaidi ya nusu, dereva wake anasinzia huku injini ikinguruma.

Mkandarasi anaona kazi inakwenda polepole, anakwenda kwenye maonyesho, anavutiwa na ekskaveta yenye kijiko mara mbili ya kile cha kwanza, anakopa, anainunua. Sasa tipa linajaa kwa sekunde 100, na mzunguko wake umekuwa sekunde 1,300. Matipa yaleyale matatu yaliyokuwa yakipeleka safari tatu kwa sekunde 1,400 sasa yanapeleka tatu kwa sekunde 1,300. Kazi imeongezeka kwa chini ya asilimia nane, na mashine ya gharama kubwa sasa inasinzia zaidi ya robo tatu ya siku. Laiti angenunua tipa moja lililotumika, au angeitengeneza ile barabara ya muda inayochelewesha matipa, angepata zaidi kwa fedha kidogo. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi mfano huu wabadilishe umbali na idadi ya matipa. Watagundua wenyewe ni wakati gani kijiko kikubwa kinakuwa na maana.

Upande wa zana ndogo

Kuna mabanda ya Riem yaliyoonyesha vitu ambavyo gazeti haliwezi kuvipiga picha ya kuvutia: mashine za kushindilia zinazosukumwa kwa mkono, vitetemeshi vya zege, misumeno ya kukatia nondo. Ndivyo vinavyogusa maeneo mengi ya ujenzi katika nchi zetu. Nguzo ya zege isiyotetemeshwa vizuri hubaki na matundu ndani, na jengo halijali kama zege lake lilipandishwa kwa kreni au kwa ndoo kichwani.

Aidha, si kila barabara inahitaji kijiko. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotegemea nguvu kazi ya wakazi wenyewe, kwa majembe, koleo, toroli na matrekta ya kuvuta matela, na maelfu ya kilometa yalijengwa. Tanzania nayo ina chuo Mbeya kinachofundisha ujenzi wa namna hiyo. Wahandisi waliosoma ng'ambo, nami nimo, tulichelewa kuiheshimu taaluma hii kwa kuwa haikuwemo katika mitihani yetu.

Zana ambayo sikuiona Riem ni ile ya kukandamizia matofali ya udongo na saruji iitwayo CINVA-Ram, iliyobuniwa na mhandisi Raúl Ramírez katika kituo cha utafiti wa nyumba mjini Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Jamaa zake wa karibu hutumika kwetu kutengeneza matofali ya kufungamana yanayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Tofali la CINVA-Ram lina sentimeta 29 kwa 14, yaani eneo la sentimeta za mraba 406. Ili lishikane vizuri linahitaji kanieneo ya nyutoni 200 hivi kwa sentimeta ya mraba, ambayo ni kani ya nyutoni 81,200. Mtu mmoja akining'inia kwenye wenzo hutoa nyutoni 500. Kuzidisha kani mara 162 kwa wenzo wa kawaida kungehitaji mti mrefu kuliko nyumba yenyewe. Ramírez alitumia vyuma viwili vilivyoungwa kama kiwiko cha mkono: kadiri kiwiko kinavyokaribia kunyooka, ndivyo mwendo mkubwa wa mpini unavyogeuka kuwa mwendo mdogo sana wa bamba la chini, na kani huongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Kani kubwa kabisa hupatikana mwishoni mwa mwendo, pale udongo unapokuwa mgumu kuliko wakati wote. Mashine nzima ni chuma bapa, pini na kisanduku. Hukatwa na kuchomelewa katika karakana ya mjini, na pini yake ikilika, nyingine huchongwa palepale.